Sufuria Tatu za Hispania

Yaya mpendwa,

Hilo neno la pili nimeliandika kwa sababu nimefundishwa kuandika barua vizuri. Usilichukue kama msamaha. Nimekasirika tangu Jumapili. Nimekasirika nikiwa kanisani, nikiwa napika, hata nikiwa kwenye mtihani wa majaribio wa Jiografia, ambako walituuliza habari za miji ya Ulaya na mimi nikakaa nautazama ukurasa kana kwamba umeandikwa kunitukana.

Naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu zile za simu unazisoma halafu unanyamaza. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa Jumamosi, yule mama Mtanzania anayetufundisha nyuma ya kanisa, anasema barua ya wazi huandikwa na mtu aliyechoka kungoja jibu. Mimi nimechoka.

Wasiotujua waambiwe kwanza kwamba wewe ni dada yangu mkubwa, na sisi watu wa Kongo mkubwa wako unamwita yaya. Unamkumbuka rafiki yangu Asha, ambaye wazazi wake walitoka Tanga? Siku ya kwanza alipokuja kwetu Queensburgh, huku kusini tulikokimbilia, akanisikia nakuita, alicheka mpaka akakaa chini.

"Unamwita dada yako yaya? Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu!"

Nawe ukatoka chumbani na taulo kichwani, ukamjibu, "Bon. Na miye nalea watoto wa Wazungu. Njo kusema nimepatia kotekote."

Tulicheka sote watatu, na Asha akajifunza kwamba kwetu njo ni ndiyo. Siku hizi kichekesho hicho hakinichekeshi.

Ulianza kazi kwa hao Wazungu mwaka ule Kombe la Dunia lilipochezwa huku kwetu, kwenye nyumba ya zamani yenye veranda kule Glenwood. Baba wa nyumba alikuwa Mhispania aliyekuja kufundisha chuo kikuu kwa mkataba. Mama wa nyumba tulimwita Senyora. Watoto wao wawili walikupenda kuliko chakula. Na chakula chenyewe ulituletea, umekifunga kwenye kitambaa: ile tortilla yao ya viazi na mayai, uliyotusimulia njia nzima kama kitu cha ajabu. Asha akaonja, akatafuna polepole, akasema, "Mbona hii ni chipsi mayai? Wamesahau kachumbari tu."

Kwa Senyora ndiko ulikojifunza namna ya kusafiri. Ulishangaa kwamba kila mwisho wa juma walikwenda mahali, mara milimani, mara kaskazini kuona viboko, lakini karibu kila mara walirudi kulala Glenwood. Siku moja ukamuuliza kwa nini hawahamii kabisa huko wanakotembea. Akakwambia ndivyo wanavyofanya hata kwao. Unachagua mji mmoja, unafungua sanduku mara moja, kila asubuhi unatoka kuona mji wa jirani, jioni unarudi kwenye kitanda unachokijua. Ukimaliza miji ya upande ule unahamia mji mwingine, unafungua sanduku tena. Alisema wanaolala kila siku mahali papya wanarudi nyumbani wakiwa hawakumbuki kitu isipokuwa masanduku.

Akakupa ramani yake ya treni za Hispania. Ulikuja nayo nyumbani umeikunja kifuani, ukaibandika kwenye mlango wa kabati, na kwa kuwa Mama alikuwa akiweka magunia ya ndakala chini ya kabati hilo, Hispania yetu tangu siku hiyo ilinuka dagaa.

Nakumbuka tulivyokaa sakafuni. Mama alikuwa pembeni anachambua ndakala za kupeleka sokoni Warwick kesho yake. Ukasema, "Mdogo wangu, tutapiga kambi tatu. Kambi ya kwanza Madrid."

Mama akainua kichwa. "Kambi? Nani anaenda kambi?"

"Apana, Mama. Hii ni kambi ya matembezi."

"Miye nilikaa kambi. Weye mwenyewe ulibeba maji kule kambini. Mutu hatembei kwenda kambi. Tafuta neno lingine, ao toeni hiyo karatasi kwa kabati yangu."

Ulijaribu kumtuliza. Ukamuuliza sasa tuseme nini. Mama akachambua samaki wengine kwanza, akiwa bado amekunja uso, kisha akasema, "Semeni pale mutaacha sufuria. Wakati wa kukimbia, sufuria nilibeba kichwani. Kambini nililala nimeikumbatia, juu ya wezi. Pale unaacha sufuria asubuhi, unatoka, unajua utaikuta, pale njo kwako."

Tangu siku ile hatukusema tena kambi. Tulisema sufuria. Sufuria ya kwanza Madrid, na kutoka hapo tungekwenda Toledo, Segovia na Ávila. Sufuria ya pili Sevilla, tutoke kwenda Córdoba na Cádiz. Sufuria ya tatu Barcelona, tuone Girona na Tarragona. Tungeshuka kwenye ndege Madrid, na ndege ya kurudi tungeipandia Barcelona, tusipoteze siku kurudi tulikotoka. Ulinifundisha kuacha siku moja tupu katika kila sufuria, kwa ajili ya mvua au uchovu. Ulisema lazima tununue mkate duka lile lile kila asubuhi, mpaka muuzaji atusalimu kabla hatujamsalimu. Masharti hayo yote yalitoka mdomoni mwako. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nayapokea kama katekisimu.

Halafu tukafanya mazoezi. Queensburgh ikawa sufuria. Jumamosi ambazo Senyora hakukuhitaji, tulipanda treni kwenda Pinetown tukasema ni Toledo. Haikuwa na ukuta wa kale, ilikuwa na maduka ya viatu na mvua ya manyunyu, lakini tuliizunguka kwa heshima zote. Amanzimtoti ikawa Cádiz kwa sababu iko baharini. Ulimwambia muuza aiskrimu "gracias", asante ya Kihispania, naye akakuuliza kwa Kizulu kama unaumwa.

Granada ndiyo iliyotugombanisha. Wewe ulisema tutakwenda asubuhi kutoka Sevilla na kurudi jioni. Mimi nilisema ni mbali, tutakula siku nzima njiani. Ukaniita profesa wa ndakala. Basi tukaijaribu kwa Pietermaritzburg, mji ulio mbali na kwetu. Tulichelewa kuondoka, gari likasimama njiani, na tulipofika tulipata muda wa kuliona lile jumba la mji la matofali mekundu kwa nje tu, kisha ikabidi tugeuze. Ulikaa ukingoni mwa barabara, viatu mkononi.

"Eish, mdogo wangu. Umeshinda. Granada si ya kwenda na kurudi."

"Sema tena."

"Usinichokoze. Nasema tutalala. Tutaacha sufuria Sevilla, twende na kabegi kadogo, tulale Granada, turudi."

Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopewa zawadi shuleni, kwa sababu mtu mkubwa alikuwa amebadilisha mpango kwa ajili ya neno langu.

Mkataba wa Mhispania ulipokwisha walikuomba uende nao Madrid. Walikusaidia karatasi zote. Kwenye uwanja wa ndege Mama alikushika mkono mmoja, mimi mwingine, na watoto wa Senyora wakilia kwamba mbona hatukuachi. Sikukuomba ahadi yoyote, Yaya. Wewe mwenyewe uliinama ukaniambia, "Madrid naenda kazini tu. Sitaenda hata Toledo. Nitaangalia treni yake ikipita. Weye maliza shule, pata karatasi, kuja, tuanze pamoja." Mama alisikia. Mpaka mlinzi wa mlangoni alisikia.

Ya Segovia nilikusamehe. Ulisema walikwenda wao nawe ulikuwa umembeba mtoto, na kweli kwenye picha umembeba. Ya Toledo nilijaribu. Ulisema ilikuwa siku yako ya mapumziko na mvua ilinyesha, hukuona vizuri. Nilijiambia basi, kama hukuona vizuri, tutaona pamoja.

Lakini Pasaka hii ulikwenda Sevilla. Hakuna mtoto wa Senyora kwenye picha za Sevilla. Kuna bega. Katika kila picha, upande wa kulia, kuna bega la mtu mwenye koti la bluu. Ulikwenda na bega hilo Córdoba. Ulikwenda nalo Cádiz. Kisha ukanitumia picha ya Granada, na chini yake ukaandika, "Tulienda na kurudi siku moja. Tulichoka, hatukuona kitu."

Nilikwambia! Ulikaa ukingoni mwa barabara Pietermaritzburg ukaniambia umeelewa!

Simchukii huyo mwenye bega. Kama unampenda, nipe jina lake nimsalimie. Kinachonichoma ni kwamba ulimpeleka kwenye njia niliyoichora mimi. Wewe ulipendekeza Sevilla iwe ya pili, lakini mimi ndiye niliyekaa na ramani nikagundua kwamba kutoka pale Córdoba ni karibu kama kutoka hapa kwenda mjini. Uliyafuata maneno yangu mji kwa mji, mkono kwa mkono na mtu mwingine.

Hata hilo ningelimeza. Ila Juni karatasi zangu zilitoka. Unajua Mama alivyohangaika. Alifunga meza yake Warwick asubuhi nyingi, akasimama kwenye foleni na kigoda chake, akafukuzwa, akarudi, mpaka kile kitabu cha safari kikatoka kikiwa na picha yangu ambayo nimekaza macho kama mwizi. Zamu yake ya likelemba, chama chao cha kupeana pesa kwa zamu, inaangukia Novemba, na akina mama wenzake wote wa chama wanajua kwamba zamu hiyo ni ya tiketi yangu. Nilikuandikia siku ile ile. Nilikuomba kitu kimoja tu: barua ya kunialika, niipeleke ubalozini, nikimaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwezi wa kumi na mbili nije tuanze.

Ulikaa kimya. Halafu Jumapili, tukiwa tunatoka misa, simu ikalia. Uliandika: "Sasa si wakati muzuri. Usisumbuke na ile mipango, ilikuwa muchezo wetu wa watoto. Huku hakuna kitu. Siku ukikuja nitakuzungusha."

Mchezo wa watoto. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto, Yaya. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulikuwa unalipwa mshahara, unafunga mlango wa nyumba ya watu kwa ufunguo wao. Kama ulikuwa mchezo, aliyekuwa akichezewa ni nani?

Na hiyo "nitakuzungusha" umeitoa wapi? Kuzungushwa ni kwa mgeni. Kuzungushwa ni kutembea nyuma ya mtu anayejua tayari, unaonyeshwa kanisa, unaambiwa piga picha, twende. Mimi sikupanga kuzungushwa. Nilipanga tupotee wote wawili kwenye mitaa ya Toledo na tugombane ni nani aliyesema tukate kushoto.

Nilimsomea Mama ujumbe huo tukiwa jikoni. Yeye hakukasirika, na hilo nalo lilinikasirisha.

"Pengine hana pa kukulaza," alisema.

"Angesema basi!"

"Mutu anayelala kwa watu anaalika mutu namna gani? Ataandika barua na mukono gani? Nyumba si yake, kitanda si yake."

"Mama, unamtetea."

"Simuteteyi. Nilimuzaa."

Nikaichukua sufuria ya ugali nikaiosha. Nikakumbuka kitu ulichoniandikia mwaka wako wa kwanza, ambacho nilidhani ni utani. Ulisema jikoni kwa Senyora kila sufuria iko na mahali pake, unaziosha, unazirudisha, na hakuna hata moja yako. Ulisema chumba chako kiko nyuma ya jiko, dirisha lake linaangalia ukuta, na wakija wageni unakitoa unalala na watoto. Sikujua wakati ule kwamba ulikuwa unaniambia habari. Lakini ulikuwa unaniambia kwa nusu mdomo, nami sikufundishwa kusoma nusu mdomo.

Kama ni hivyo, sema hivyo! Sema, "Mdogo wangu, sina mahali." Usiniambie Hispania haina kitu. Hispania iko na kitu, nimeisoma miaka minne. Wewe ndiye ambaye huna pa kunilaza, na hilo si aibu. Na hata kama ni aibu, ni ya kwetu, tungeigawana kama tulivyogawana kitanda pale Queensburgh, wewe upande wa ukuta, mimi upande wa mlango, ramani ikitunukia dagaa usoni. Badala yake umechagua kuidharau safari yenyewe, ili nisiitamani. Umeitupia majivu ili nisije nikaona unavyoishi. Hilo ndilo hasa linalonifanya nishindwe kusoma.

Asha aliniambia niachane nawe. "Mwambie huyo yaya wako akae na watoto wa watu," alisema. Nilimsukuma, na ni rafiki yangu. Hata nikiwa na hasira hizi, anayeruhusiwa kukusema vibaya ni mimi peke yangu.

Mama aliyafikiria maneno yako siku mbili. Juzi alirudi kutoka Warwick, akavua viatu, akasema, "Enda umuone kwa macho. Picha zinadanganya. Miye nataka mutu aniambie kama amekonda." Nilimwambia sina barua ya kunialika. Akaniuliza kama Hispania nzima hulala kwa kualikwa. Basi tukaenda kwa Padre. Padre anawajua masista wenye nyumba za kulaza wasichana wanafunzi, nao wana nyumba Barcelona, Sevilla na Madrid. Aliwapigia simu pale pale, nao wameshajibu. Wana vitanda, na barua ya ubalozi wataiandika wao. Kwa hiyo ile ya kwako siihitaji tena. Nakwambia hivyo ili usije ukadhani naandika kuomba.

Nimeigeuza safari, Yaya. Nilikaa mbele ya kabati nikaisoma ramani kutoka mwisho kwenda mwanzo, na inawezekana. Nitashukia Barcelona, mahali ambapo wewe hujafika wala bega halijafika. Girona na Tarragona nitaziona mimi wa kwanza katika familia hii, na sitakutumia picha. Kisha Sevilla. Najua umekwenda, lakini mimi nitaiona kama inavyotakiwa, nitanunua mkate duka moja, na Granada nitalala, na nikiamka huko asubuhi nitakuwa nimejua kitu ambacho wewe na mwenzako mlikipita kwenye basi. Desemba ni baridi, najua. Mama ameshanipatia koti pale Warwick, la kiume, lina mifuko ya kutosha kubeba nyumba.

Madrid nimeiweka mwisho, na ndege ya kurudi inaondokea huko.

Sikuiweka mwisho ili kukuadhibu. Au labda kidogo. Niliiweka mwisho kwa sababu nikishukia kwako kwanza, na hasira hizi bado ni mbichi, nitasema maneno ambayo hayarudi. Nahitaji treni nyingi kati yangu nawe. Nahitaji kufika nikiwa nimeshaona vya kwangu, ili nikikuta kweli huna kitu, nisiwe nimekuja kukudai.

Barcelona nimeipanga siku kwa siku. Sevilla nimeipanga mpaka siku ya mvua. Siku za Madrid nimeziacha tupu zote. Usidhani nimeishiwa mawazo au kwamba nimesahau Toledo iko wapi. Nitashuka kituo cha Atocha na treni ya mchana kutoka Sevilla, siku ya tatu baada ya Mwaka Mpya. Nitakuwa na lile koti la kiume, hutanikosa. Huna haja ya kuwa na mahali pa kunilaza, masista wanacho kitanda. Huna haja ya kueleza chochote pale pale kituoni. Ukitaka kuja na mwenye bega, njoo naye, ila siku ya pili.

Nitakusubiri. Sikuambii kwa muda gani, kwa sababu ukijua utachelewa.

Ubaki vizuri, Yaya. Kula. Sijakusamehe, lakini nakuja.

Mdogo wako